Kuisoma Bunduki Iliyogeuzwa: Alama, Viungo na Majina Yake

Katika nyumba za makumbusho huonekana mara nyingi bunduki ndefu ya Kiingereza ya karne ya 19 ambayo juu ya bamba la mtambo wake zimepigwa alama ya taji, herufi V na R, neno TOWER, na mwaka, tuseme 1861. Mtunzaji huyasoma hayo, kisha huandika kwenye kadi: "Bunduki ya Kiingereza, 1861." Kadi hiyo si uwongo mtupu, lakini si kweli timamu. Bamba ni la mwaka 1861, na kasiba yaweza kuwa ya mwaka huo au wa karibu yake. Lakini ikiwa nyuma ya kasiba mna kizibo chenye bawaba, kifungukacho upande wa kuume, basi bunduki ile kama ilivyo haikuweza kuwapo kabla ya mwaka 1866. Hiyo ni bunduki iliyogeuzwa, na bunduki iliyogeuzwa haina umri mmoja. Kila kiungo chake kina umri wake.

Shabaha ya makala haya ni kueleza jinsi alama na viungo vya silaha za namna hiyo visomwavyo. Mwandishi si fundi wa bunduki, bali ni mwanafunzi wa lugha. Lakini kazi hizi mbili zinafanana kuliko inavyodhaniwa. Neno kitabu, mathalan, lilikuja kutoka Kiarabu, na silabi yake ya kwanza ilikuwa sehemu ya mwili wa neno. Kiswahili kilipolipokea kiliifanya silabi hiyo kuwa kiambishi, ndiyo maana twasema vitabu. Mwenye kuliita neno hili la Kiarabu tupu amekosa, na mwenye kuliita la Kibantu tupu amekosa pia. Yampasa alipime kipande kwa kipande. Vivyo hivyo kwa bunduki.

Majina yafuatayo moto

Waingereza waliziita bunduki zao kwa mahali zilipoundwa au kwa mtu aliyezibuni. Enfield ni mji ulioko kaskazini ya London, na Snider ni jina la mtu. Waswahili walifuata njia nyingine. Hawakuuliza ni nani aliyeiunda, bali waliuliza moto huifikiaje baruti. Bunduki ya mrao ni ile iwashwayo kwa utambi uwakao polepole. Ya gumegume ni ile ambayo jiwe hupiga chuma likatoa cheche. Ya fataki ni ile ambayo nyundo hupiga kikofia kidogo cha shaba nyembamba chenye dawa ya kulipuka. Bunduki ya viasi ni ile ipakiwayo kwa nyuma, baruti na risasi zikiwa zimefungwa pamoja katika kiasi kimoja. Zile tatu za kwanza hushindiliwa kwa mdomoni, na jina lizikusanyalo ni gobori, ambalo wengine hulitamka gobore.

Neno kiasi lina mafunzo ndani yake. Asili yake ni Kiarabu, na maana yake ni kipimo. Mwenye gobori alipima baruti yake mwenyewe kila alipotaka kupiga; akizidisha alihatarisha kasiba na uso wake, akipunguza risasi haikufika. Katika bunduki ya viasi kipimo hicho kilikwisha kufanywa kiwandani. Basi neno lililotaja kitendo cha mpigaji likawa jina la kitu alichouziwa.

Sasa, kuigeuza bunduki, kwa maana tunayoitumia hapa, ni kuibadilisha njia ya moto. Kwa hiyo bunduki igeuzwapo kutoka gumegume kuwa ya fataki, au kutoka fataki kuwa ya viasi, jina lake la Kiswahili hubadilika hapo hapo, ijapokuwa mti wake, bamba lake na maandishi yake yote hayakuguswa. Jina la Kizungu lililopigwa juu ya bamba halibadiliki. Hapa ndipo yalipo makosa mengi: msomaji hufuata maandishi ilhali angefuata moto.

Mfano wa Snider

Tuchukue mfano ulio wazi kuliko yote. Mwaka 1853 jeshi la Uingereza lilikubali bunduki ya fataki iliyoitwa Enfield ya 1853. Kasiba yake ilikuwa na urefu wa inchi 39, na kipenyo cha tundu lake kilikuwa inchi 0.577, kama milimita 14.7. Ndani ya kasiba ilikatwa mifuo 3 iliyozunguka polepole, nayo huifanya risasi ijizungushe na kwenda sawasawa. Ilikuwa silaha njema, lakini ilishindiliwa kwa mdomoni, na askari alilazimika kusimama ili aipakie.

Katika vita vya mwaka 1864 baina ya Wadenmark kwa upande mmoja, na Waprusi na Waaustria kwa upande wa pili, askari wa Prussia walikuwa na bunduki za kupakia kwa nyuma. Serikali za Ulaya ziliona kwamba magobori yao yamepitwa na wakati. Uingereza ilikuwa na mamia ya maelfu ya Enfield ghalani, na kuunda mpya badala ya hizo zote kungegharimu fedha nyingi. Basi watu wakaalikwa kuleta mashauri ya jinsi ya kuzigeuza zile zilizopo. Shauri lililokubaliwa mwaka 1866 lilikuwa la Mmarekani, Jacob Snider, ambaye alifariki mwaka huo huo kabla hajafaidi matunda ya kazi yake.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kasiba ilikatwa inchi mbili na nusu upande wa nyuma, na mahali pake pakatiwa kwa parafujo kipande cha chuma chenye uwazi juu, ambacho hapa tutakiita ala ya kizibo. Ndani ya ala hiyo mlikaa kizibo kinachofunguka kuume kwa bawaba. Ndani ya kizibo mlipita msumari kwa mshazari. Nyundo ya zamani ilipopiga, msumari ulisukumwa mbele ukapiga fataki iliyokuwa katika kitako cha kiasi. Mpigaji alipokwisha kupiga alifungua kizibo, akakivuta nyuma ili kiasi kitupu kitoke, akaipindua bunduki kianguke chini, akatia kingine. Mtu aliyezoea aliweza kupiga kama mara 10 kwa dakika, ilhali kwa ile ya kushindilia alipiga kama mara 3.

Viungo vilivyobaki na viungo vilivyogeuka

Mwenye kuichunguza bunduki ya namna hii na aanze na viungo kabla ya maandishi, kwa sababu herufi zaweza kupigwa na mtu yeyote mwenye nyundo na muhuri wa chuma, lakini kiungo hakidanganyi kwa urahisi.

Kwanza ni kasiba. Kasiba ya Enfield ndefu ambayo haikugeuzwa ina inchi 39. Iliyogeuzwa ina inchi 36 na nusu, kwa kuwa inchi mbili na nusu zilikatwa. Enfield fupi, ambayo mti wake umefungwa kwa pete 2 za chuma badala ya 3, ilikuwa na kasiba ya inchi 33, nayo ikigeuzwa hubaki na inchi 30 na nusu. Aidha, ile fupi ina mifuo 5, na ile ndefu 3. Basi ikionekana kasiba ya mifuo 5 katika mti wa pete 3, tutajua kwamba viungo vya bunduki mbili vimeunganishwa.

Pili ni kifa. Katika gobori la fataki, kifa ni kijibomba kidogo kinachovikwa fataki, na moto hupita katika tundu lake ukaingia kwenye baruti. Katika Snider kifa kimebaki juu ya kizibo, chenye umbo lile lile, na nyundo hukipiga kama zamani. Lakini hakivikwi kitu, wala moto haupiti ndani yake. Kazi yake ni kuusukuma msumari tu. Umbo limesalia na maana imehama, jambo ambalo wanafunzi wa lugha wanalijua sana.

Tatu ni mdeki. Katika gobori mdeki ni wa kushindilia, na bila huo bunduki haipakiki. Katika Snider mdeki umebaki mahali pake chini ya kasiba, lakini sasa ni wa kusafishia. 

Nne ni mti. Mahali pa ala ya kizibo mti ulichongwa upya. Ukitazama vizuri, yaweza kuonekana kwamba michongo ya fundi wa kwanza na ya fundi wa pili hailingani. Katika bunduki zilizoundwa kwa mikono na mafundi wa Birmingham, hupatikana pia vijialama vya tupa au tarakimu za Kirumi juu ya parafujo na viungo vidogo. Fundi alizitia ili asichanganye vipande vya bunduki moja na vya nyingine. Zisipolingana, bunduki imekwisha kufunguliwa na kutiwa kiungo cha nje.

Maandishi na mihuri

Baada ya viungo tugeukie maandishi. Bamba la mtambo ndilo linenalo kwa sauti kubwa kuliko sehemu zote, na kwa sababu hiyo ndilo lipotoshalo zaidi. Neno ENFIELD huonyesha kwamba mtambo uliundwa katika kiwanda cha serikali kilichoko huko. Neno TOWER latokana na Mnara wa London, na lilipigwa kwenye bunduki zilizoundwa na mafundi waliopewa kazi kwa mkataba. Herufi L.A.Co. ni za kampuni ya silaha ya London. Herufi V.R. chini ya taji maana yake ni Malkia Victoria kwa Kilatini, aliyetawala kutoka mwaka 1837 mpaka 1901. Taji likiwapo bila ya herufi hizo, mara nyingi silaha iliundwa kwa biashara na si kwa jeshi la Malkia.

Juu ya ala ya kizibo tafuta tarakimu ya Kirumi, pengine pamoja na nyota. Tarakimu I, II au III huonyesha mtindo wa mtambo wa Snider, na kila nyota huonyesha sahihisho dogo lililofanywa ndani ya mtindo ule. Bunduki nyingi zilizogeuzwa zina II na nyota mbili. Mtindo wa III, ambao kizibo chake hufungwa kwa kikwamizo, kwa kawaida uliundwa mpya, na kasiba yake ya chuma cha pua hupigwa neno STEEL. Kwa hiyo si kila Snider ni Enfield iliyogeuzwa, na mwenye kuandika kadi hana budi kuzitenga hizo mbili.

Juu ya kasiba mna mihuri ya nyumba za kupimia nguvu. Sheria ilitaka kila kasiba ipigwe baruti nyingi kupita kawaida, na isipopasuka ndipo ipigwe muhuri. London palikuwa na chama cha mafundi kilichofanya kazi hiyo, na Birmingham palifunguliwa nyumba ya kupimia mwaka 1813. Tarakimu 25 ikionekana karibu na mihuri hiyo, si mwaka wala si namba ya bunduki. Maana yake ni kwamba risasi 25 za mviringo zenye kipenyo cha tundu lile zingekuwa na uzito wa ratili moja.

Alama ya mshale mpana ni ya mali ya serikali. Ikifuatana na herufi B.O. ni ya Bodi ya Silaha iliyovunjwa mwaka 1855. Ikifuatana na W.D. ni ya idara ya vita iliyofuata. Na pakiwa na mishale miwili iliyogusana kwa ncha, hiyo ni alama ya kutolewa: serikali imeiuza silaha au imeiacha. Alama hii ndogo ni ya thamani kubwa kwa mwenye kuandika tarikhi, maana ndiyo ionyeshayo mahali ambapo silaha iliacha kuwa ya askari ikawa ya mfanyabiashara.

Wafaransa walioandika mageuzi yao

Waingereza hawakuyaandika mageuzi yao waziwazi, lakini Wafaransa waliyaandika. Bunduki yao ya mwaka 1822 ilikuwa ya gumegume. Ilipogeuzwa kuwa ya fataki, chumani nyuma ya kasiba palipigwa mwaka 1822 na herufi T, kifupi cha neno la Kifaransa lenye maana ya "iliyogeuzwa". Baadaye kasiba ilipokatwa mifuo liliongezwa neno bis, maana yake "mara ya pili". Basi maneno machache kama 1822 T bis ni tarikhi nzima: iliundwa ya gumegume, ikageuzwa ya fataki, kisha ikatiwa mifuo. Asomaye mwaka tu amesoma sura ya kwanza na kukifunga kitabu.

Mwaka 1867 Wafaransa nao waligeuza magobori yao mengi kuwa ya viasi, kwa kizibo cha bawaba kilichofanana na cha Snider. Kwa sababu ya umbo lake walikiita kwa neno la kwao lenye maana ya kikopo cha ugoro. Silaha hizo zilipotolewa jeshini, nyingi zilichongwa ndani mpaka mifuo ikaisha, zikauzwa kama bunduki za marisawa kwa jina la "Zulu", ingawa hazikuwa na uhusiano wowote na Wazulu. Hilo lilikuwa jina la dukani tu.

Kwa silaha zilizotoka gumegume kuwa za fataki ziko dalili nyingine. Palipokuwa na kibakuli cha baruti na chuma cha kupigwa na jiwe hubaki matundu ya parafujo yaliyozibwa. Lakini tahadhari: kwa kuwa bunduki za gumegume zina bei kubwa sokoni, wako mafundi wa siku hizi wanaorudisha zilizogeuzwa katika hali ya kwanza. Viungo vipya vikikaa juu ya bamba la kale, hatuna gumegume, bali tuna bunduki iliyogeuzwa mara mbili.

Herufi za kuigiza

Si kila herufi ilipigwa na mtu aliyeijua. Neno TOWER liliigwa sana katika bunduki za biashara, kwa sababu wanunuzi waliliamini. Muhuri wa ELG ndani ya duara la yai ni wa Liège katika Ubelgiji, na taji likiwa juu yake muhuri ni wa mwaka 1893 au baada yake. Ukiwa juu ya kasiba moja na neno TOWER, jambo hilo lataka kuulizwa. Mafundi wa mpakani baina ya Afghanistan na nchi iliyo sasa Pakistan waliziigiza silaha za Kiingereza kwa ustadi wa mikono, lakini mara nyingi herufi N hutokea kinyume, kwani kwao ilikuwa pambo na si sauti. V.R. yenye mwaka wa baada ya 1901 yaonyesha vivyo hivyo, kwa kuwa Malkia alikwisha kufa.

Tofauti kabisa ni bunduki za Nepal. Huko viliundwa vizibo vya Snider na tarakimu zikapigwa kwa maandishi ya Kidevanagari, kwa hesabu ya miaka inayoitangulia ile ya Kizungu kwa miaka 56 au 57. Mwaka 1937 wa hesabu hiyo ni kama 1880. Huo si uigaji wa asiyejua, bali ni watu wenye hesabu yao wenyewe.

Kwa nini jambo hili latuhusu

Msomaji aweza kuuliza: haya yanatuhusu nini katika Afrika ya Mashariki? Yanatuhusu sana. Msafara wa Stanley ulioondoka Bagamoyo mwezi wa Novemba 1874 ulichukua Snider mikononi mwa Waungwana wa Unguja, na watu wa Lugard waliofika Kampala mwezi wa Desemba 1890 walikuwa nazo pia. Mwaka 1888 balozi wa Uingereza katika Unguja, Euan-Smith, aliiandikia serikali yake kwamba silaha baina ya 80,000 na 100,000 za kila aina zilikuwa zikipita kila mwaka kutoka pwani kwenda bara. Silaha zilizochakaa Ulaya zilikuwa bidhaa hapa, nazo zilitumika katika biashara ya pembe, katika ulinzi wa miji na katika kuwakamata watu.

Tena aina ya bunduki ilikuwa jambo la sheria. Mkataba wa Brussels uliotiwa sahihi tarehe 2 Julai 1890 ulikataza kuingiza bunduki, hasa zenye mifuo na zilizoboreshwa, katika sehemu ya Afrika iliyo baina ya digrii 20 kaskazini na digrii 22 kusini. Ziliweza kuruhusiwa zile za gumegume zenye kasiba laini, pamoja na baruti ya kawaida ya biashara. Angalia jinsi mpaka wa sheria ulivyopita. Haukupita kati ya nchi na nchi, wala kati ya kiwanda na kiwanda, bali ulipita kati ya gumegume na fataki, na kati ya kasiba laini na ya mifuo. Watawala wa Ulaya, walipotaka kuamua ni nani aruhusiwe kuwa na nguvu gani, walilazimika kuuliza swali lile lile ambalo Kiswahili kilikuwa kikiliuliza: moto huifikiaje baruti?

Kwa hiyo kadi ya makumbusho iandikayo "bunduki ya zamani" imefuta jambo kubwa. Imefuta tofauti iliyoamua nani aliweza kupiga mara 3 na nani mara 10, na ipi iliruhusiwa kupita forodhani na ipi ilikatazwa. Kadhalika kwa kamusi. Kulifasiri neno gumegume, fataki au viasi kwa maneno "aina ya bunduki ya zamani" ni kuitupa elimu iliyohifadhiwa ndani ya neno. Haya hayajafa yote: magazeti ya Tanzania hata leo hutaja magobore yanayokamatwa mikononi mwa wawindaji haramu, na mengi ya hayo ni kazi ya wahunzi wa vijijini.

Utaratibu wa kuchunguza

Yafaa tumalize kwa utaratibu. La kwanza ni usalama. Gobori laweza kukaa na baruti ndani kwa miaka mingi mno, na isiharibike. Pima kina cha kasiba kwa kijiti cha mti, kisha ukilaze kijiti juu ya kasiba kwa nje. Kikiishia mbali na kifa, huenda imeshindiliwa, nayo ni kazi ya mtaalamu kuipakua. La pili, usiisugue kwa mchanga wala tindikali, kwa maana ng'aro hiyo hula herufi. La tatu, uliza moto ulipita wapi, na ulipita wapi kabla ya hapo. La nne, pima kasiba na uhesabu mifuo na pete. La tano, ndipo usome maandishi, kila moja kwa kiungo kilichoandikwa, bila kuuhamisha mwaka wa bamba uwe mwaka wa bunduki.

Basi kadi ya bunduki tuliyoanza nayo na iandikwe hivi: "Bunduki ya fataki ya Kiingereza, mtambo wa mwaka 1861, iliyogeuzwa kuwa ya viasi kwa kizibo cha Snider mwaka 1866 au baadaye." Maneno hayo hayatoshi kujaza mistari mitatu, lakini kila kiungo kimepewa haki yake, na Kiswahili kimeyasema yote bila ya kuazima.